Nondo wa Mlangoni kwa Namsifu

Nondo aliyekutwa mlangoni kwa Namsifu, asubuhi aliyojifungua mapacha, alikuwa mmoja, na mabawa yake hayakukubaliana.

Mimi ndiye niliyeitwa kumsoma. Kusoma nondo ndiyo kazi yangu katika mji huu ulioko juu ya ukungu, mji tusiouita kwa jina lolote, maana jina ni la kumwelekeza mgeni, na kwetu mgeni hafiki. Kila mtoto anapozaliwa, nondo huja na kutua juu ya mlango kabla umande haujakauka. Hutua amejifunika, mabawa ya mbele yameyaficha ya nyuma, rangi yake ya jani lililooza, na ukipita haraka utadhani ni uchafu wa ukutani. Mimi huja na ngazi na unyasi. Namgusa kidogo mgongoni, anashtuka, anafunua mabawa ya nyuma, na hapo mtoto hujulikana. Likionekana jicho, yaani doa jeusi lililozungukwa na duara la manjano na jingine jekundu, mtoto ni wa Jicho: atabaki huku juu, atashika ulinzi, siku moja ataingia barazani. Ukionekana ufito tu, mstari mweupe uliokatiza bawa toka ukingo hadi ukingo, mtoto ni wa Ufito. Huyo hapewi ziwa la mama hata mara ya pili. Hupelekwa chini ya ukuta, kwa Waufito wenzake, akalelewe huko na kutazamwa kutoka huku.

Mama zao huambiwa wasilie, kwa kuwa kilichoondoka si chao. Nondo wa Jicho na nondo wa Ufito ni mataifa mawili, ndivyo tulivyofundishwa, hawazai pamoja wala hawafahamiani. Mtoto wa Ufito akizaliwa katika nyumba ya Jicho, basi amejipenyeza. Aliingia tumboni kama mwizi anavyoingia kwa dirisha la jikoni. Na mwizi humlilii.

Namsifu alikuwa amezaa wasichana wawili ambao mkunga mwenyewe aliwachanganya kabla hajamaliza kuwaosha. Nilipanda ngazi. Mume wake, Senkoro, mlinzi wa ukuta, mwanamume mrefu mwenye tabia ya kutazama mikono ya watu wanapozungumza, aliishika ngazi kwa chini. Nikamgusa nondo.

Bawa la kushoto lilifunua jicho. Bawa la kulia lilifunua ufito.

“Umeona nini, dada?” Senkoro akauliza.

“Ngoja.”

“Nakuuliza umeona nini.”

Nikamgusa tena. Jicho, ufito. Nondo alitulia, papasi zake za kichwani zikicheza taratibu kama mtu anayewaza jambo lisilotuhusu. Senkoro aliiacha ngazi akarudi nyuma mpaka naye akaona, na neno la kwanza lililomtoka halikuwa la watoto. Alisema, “Nani amekaribia mlango huu?”

Nami, sitaficha, niliwaza hivyo hivyo. Tulivyo, sisi watu wa juu, ajabu ikitujia tunatafuta mkono ulioileta. Nilimtia nondo kwenye kikapu changu chenye kifuniko, nikaenda naye nyumbani, nikafungua dirisha na kumweka chini ya lenzi. Nilitafuta gundi. Nilitafuta mshono. Nilinusa. Vumbi la bawa la nondo, ukilikuza, si vumbi. Ni magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa, kila kigae na rangi yake. Mtu akichora juu yake vigae huvunjika, na uvunjaji huonekana. Hapakuwa na kilichovunjika. Lile jicho lilikuwa limeota penyewe na ule ufito ulikuwa umeota wenyewe, kwenye kiwiliwili kimoja, kwa damu moja, na katikati ya mgongo, pale nilipotegemea kuona mpaka, palikuwa na manyoya ya kahawia tu.

Mkuu wa baraza, Mzee Shekiondo, alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee kuliko nyumba nyingi za mji ule, sauti yake ya upole, na ni upole huo uliowafanya watu wapunguze maneno mbele yake.

“Bi Namkunda,” akaniambia, “mtoto mmoja ni wetu. Mwingine amejipenyeza. Tuambie yupi.”

“Nondo hasemi yupi, mzee. Anasema wote wawili.”

“Nondo hasemi kitu. Anayesema ni wewe.”

“Basi nipe muda.”

“Muda upo,” akasema, akatabasamu. “Watoto tutawaweka ghalani, na walinzi wa kuwatazama. Hawatakua.”

Hapa nieleze, kwa yule asiyetoka kwetu. Katika mji wetu miaka haimpiti mtu anayetazamwa. Wakati ni mwoga. Hukaribia pale tu ambapo hakuna jicho. Ndiyo sababu sisi wa juu tunazeeka vizuri, tunaota mvi na heshima, kwa kuwa hakuna anayetutazama. Na ndiyo sababu kule chini ya ukuta, ambako walinzi hawapepesi, wapo watu walioanza kutambaa enzi za bibi yangu na wangali wanatambaa. Tunapowaonyesha watoto wetu tunasema: waoneni Waufito, hawana akili, hawakui. Tunasema hivyo huku tumekaza macho.

Basi mapacha waliwekwa ghalani, kwenye pipa la mtama lililotandikwa kanga, na mlinzi aitwaye Kihiyo akaketi mbele yao na mkuki magotini, macho makavu. Namsifu aliruhusiwa kuingia kunyonyesha. Niliandamana naye mara nyingi, maana alisema hataki kuwa peke yake na yale macho. Watoto walinyonya, wakalala, wakaamka, na kitovu kilichokatwa kilikuwa kibichi kama cha jana. Maziwa yalikuwa yakipotea ndani yao.

“Hawanenepi, dada,” Namsifu alininong’oneza. “Namwaga maziwa kwenye mchanga. Wanatazamwa mno.”

“Umewapa majina?”

“Nitawapaje? Jina la Jicho au la Ufito? Wote nawaita Wangu.”

Kihiyo alikohoa. Kunong’ona pia ni jambo la kutiliwa shaka.

Niliporudi nyumbani siku moja nilikuta nondo ametaga. Mayai meupe, yamepangwa safu ndani ya kikapu, yamebandikwa kwa ustadi wa fundi. Mwenyewe alikuwa amekufa kando yao. Nondo wa aina hii huwa hana mdomo. Anaishi bila kula, anakufa bila kuonja kitu, na sijapata kumwona shahidi mwaminifu kuliko yeye, kwa kuwa huwezi kumlisha wala kumfundisha la kusema. Nikakaa sakafuni na kile kikapu. Kila nondo niliyepata kumsoma nilimsoma akiwa amekwisha kuwa nondo, juu ya mlango, dakika moja ya hofu, kisha akaruka. Kamwe sikuwahi kujua alikotoka. Hakuna msomaji aliyejua. Tulijua alama tu, tukaijengea ukuta. Na nilijiuliza, nikiyatazama yale mayai ambayo hayakuwa na jicho wala ufito: alama iko wapi sasa? Imelala humu ndani ikinisubiri? Au haipo, mpaka nije na unyasi wangu niiamshe? Na kama haipo bila mimi, mimi ni nani? Na mimi mwenyewe, nani alipanda ngazi mlangoni kwetu? Mkono wake ulitetemeka? Alikuwa ameshiba? Alimpenda mama yangu, au alimchukia? Ninaitwa wa Jicho. Ninaitwa. Ninaitwa na nani?

Niliwalea. Sikumwambia mtu. Mayai yalipoanguliwa niliwakatia majani ya mpera kutoka nyuma ya nyumba, na viwavi wakala kwa sauti, mvua ndogo ya meno. Wote walikuwa weusi, kisha wote wakawa kijani, wote na miiba ya njano mgongoni. Niliwapanga juu ya meza na kuwatazama mmoja mmoja kwa lenzi nikitafuta yupi amejipenyeza. Nilimshuku aliyekula peke yake. Nilimshuku aliyejificha chini ya jani. Nilimshuku mmoja aliyeinua kichwa kila nilipoingia, kama aliyekuwa na taarifa. Halafu niligundua kwamba kadiri nilivyowatazama hawakuwa wakikua, nikafunika kikapu kwa kitambaa nikatoka nje. Huo ndio ukawa utaratibu: nawapa majani, nawafunika, naondoka. Wakanenepa.

Katika siku hizo Senkoro alinijia. Alisimama mlangoni, akatazama mikono yangu kwanza, kisha uso.

“Nimekusaidia kazi yako, dada,” akasema. “Ni yule wa kushoto.”

“Kushoto ni nini?”

“Yule anayelazwa kushoto. Nikimwinamia hanitazami. Anatazama pembeni. Mwenziwe ananitazama machoni.”

“Senkoro, ni watoto wachanga. Hawajaona bado.”

“Ndiyo anavyotaka ufikiri.” Alijipangusa uso kwa kiganja, na nikaona kwamba hakuwa amelala kwa muda mrefu. “Namsifu anawahamisha. Akimaliza kunyonyesha anawabadilishia nafasi makusudi, ili nisijue. Mke wangu ananifanyia hivyo, mimi. Dada, sema ni wa kushoto. Wamchukue tu mmoja, nirudi kuwa na nyumba.”

“Na ukimchukia baadaye huyo atakayebaki?”

Aliondoka akitembea upandeupande, mgongo ukiwa karibu na ukuta, kama wanavyotembea walinzi wote.

Viwavi waliposhuka na kujizika kwenye udongo niliokuwa nimeutandaza ndani ya kile kikapu, nilidhani wamekufa. Kisha asubuhi moja nilisikia mikwaruzo. Nilipofunua kitambaa walikuwa wameshatoka, wamejining’iniza kwenye vijiti, mabawa yao mabichi yakijinyoosha polepole kama nguo zilizoloweshwa. Nilingoja wakauke. Kisha nikachukua unyasi, nikaanza.

Jicho. Ufito. Ufito. Jicho. Jicho. Ufito.

Mama mmoja. Safu moja ya mayai. Jani moja la mpera.

Sikufurahi. Niliogopa, nikauweka unyasi chini, kwa maana niliona mara moja kilichokuwa ndani ya kikapu kile. Hakuna aliyejipenyeza. Hakuna aliyewahi kujipenyeza. Kila mtoto aliyeshushwa chini ya ukuta alikuwa mtoto wa nyumba yake, damu ya nyumba yake, na mama zao walioambiwa wasilie walikuwa wamenyimwa kilio cha haki.

Nilikipeleka kikapu mbele ya ghala, mchana, baraza likiwa limekutana hapo hapo uwanjani. Namsifu alikuwa ndani akinyonyesha. Mzee Shekiondo alikuwa kwenye kiti chake, wajumbe wamemzunguka, na walinzi wamesimama nyuma. Nilieleza tangu mwanzo: yule nondo, mayai, majani. Kisha nikafunua na kuwagusa mmoja mmoja mbele ya macho yao.

Nyuso zao hazikuwa za watu waliosadiki. Zilikuwa za watu wanaotafuta.

“Mayai yalibadilishwa,” mjumbe mmoja akasema.

“Kikapu hakikutoka nyumbani kwangu.”

“Basi yaliongezwa wewe ukiwa nje. Umesema mwenyewe ulikuwa unatoka nje.”

“Na baba yao?” akauliza Mzee Shekiondo kwa ule upole wake. “Mama umemwona, Bi Namkunda. Baba yao ulimwona? Si ajabu alikuwa wa Ufito.”

“Hata kama, mzee. Basi wa Ufito amezaa wa Jicho.”

Yeye alinielewa kabla ya wote. Niliona kidevu chake kikishuka. Lakini wengine walikuwa wameshaanza kubishana, na hawakubishana kama ni kweli. Walibishana ni nani aliyenituma. Mmoja alisema ni Namsifu. Mwingine akasema ni Waufito wenyewe. Wa tatu akamgeukia wa pili, akamuuliza amejuaje. Nondo nao, waliochoshwa na kushikwashikwa, waliinuka wote kwa pamoja, wakazunguka juu ya vichwa, wakatawanyika kwenye milango ya mji, wakatua popote walipopata kivuli. Nyumba za baraza zikatuliwa na ufito. Mlango wa choo cha walinzi ukatuliwa na jicho.

Ndipo nikamsikia Kihiyo, aliyekuwa mlangoni mwa ghala. Hakuwa akiongea na mtu.

“Mama yangu alizaa kabla yangu,” akasema. “Alituambia homa ndiyo iliyomchukua mtoto.”

Naye, ambaye hakuwahi kupepesa tangu wale watoto waingizwe ghalani, aligeuza uso. Alitazama chini, ng’ambo ya ukuta, ambako kama kawaida palikuwa na watu wadogo wameketi kwenye vumbi. Hakuwatazama kwa ulinzi. Alikuwa akitafuta pua yake, paji lake la uso. Aliuacha mkuki ukaanguka, akaanza kushuka ngazi za ukuta akikimbia. Mlinzi wa pili akamfuata, akipiga kelele kwamba Kihiyo ni msaliti. Lakini alipofika ukingoni naye akasimama, akatazama, akasahau kupiga kelele.

Hapo Namsifu alitoka. Mtoto mmoja mgongoni, mmoja kifuani, kanga imefungwa kwa fundo la mtu mwenye safari. Hakuna aliyemuuliza. Walikuwa wakitazamana wao kwa wao. Senkoro pekee ndiye aliyemzibia njia, kwenye kona ya ghala.

“Yupi ni yupi?” akamuuliza. Sauti yake haikuwa ya mlinzi. “Namsifu. Niambie tu yupi ni yupi.”

“Ni wanao,” Namsifu akasema, akampita.

Nilimsindikiza mpaka pale njia inapokata kona, nyuma ya miamba. Akasimama.

“Geuka, dada,” akaniambia. “Hata wewe. Wewe hasa.”

Niligeuka. Nikakabili mwamba, pua karibu na ukungu wa kijani ulioota juu yake. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwao hakukuwa na jicho lolote juu ya watoto wale, na nilisikia. Kwanza kilio, cha kichanga kabisa, chembamba. Kisha kilio kilinenepa kikawa sauti, sauti ikaanza kuchezea midomo, ikacheka. Nikasikia Namsifu akihema kwa uzito uliomjia ghafla mikononi, akasema “Haya, shukeni, mmeniua,” na nyayo ndogo zikagusa changarawe, zikapepesuka, zikashika njia. Moja ya sauti ikauliza, “Tunaenda wapi?” Nyingine ikajibu kabla ya mama. Zikabishana. Zikaenda zikififia, mbili zilizokuwa tofauti kabisa, ambazo mtu yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza asingezichanganya hata mara moja.

Sikujua wamekwenda upande gani. Nilikaa na uso mwambani mpaka mvua ilipoanza.

Mzee Shekiondo alikuja kwangu jioni hiyo hiyo, hakuna aliyemwongoza, nguo zimemganda mwilini. Kule mjini, alisema, watu wanakagua milango. Ndugu wameanza kupelelezana. Mume analala na mke akiwa amemkazia macho, na ajabu ni kwamba leo hakuna aliyezeeka. Nilimpa kigoda karibu na moto na bakuli la uji.

“Nisome,” akasema.

“Mtu hasomwi, mzee. Na nondo wako ameshakufa zamani.”

“Mimi ni nani?”

“Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?”

Aliuzungusha uji ndani ya bakuli, kisha akaanza. Mama yake, alisema, alikuwa akipika upesi ili apate nafasi ya kukaa dirishani, na dirisha lile lilitazama chini ya ukuta. Kila siku. Alikuwa akitikisa mkono kidogo, hivi, kama anayefukuza nzi. Yeye, wakati huo kijana, alidhani ni ishara anayowapa maadui. Akalipeleka jambo hilo barazani. Dirisha likajengewa matofali, na mama yake akaendelea kukaa mbele ya matofali yale mpaka alipokufa, akitikisa mkono.

“Nilikuwa na ndugu,” akasema. “Wangu. Kule chini. Pengine hata leo ni mtoto.” Na mkuu wa baraza akalia, bakuli likiinama, uji ukimwagikia vidoleni naye asihisi.

Nilimwacha alie. Mvua ilipiga paa. Alijifuta kwa pindo la kanzu, akashusha pumzi.

“Na yule Namsifu naye ni mama,” akasema, sauti ile ile, machozi yale yale. “Mvua yote hii, na watoto wawili. Sijui amepita njia ipi.”

Nilimtazama. Nilimtazama kama nilivyotazama kila kilichopata kutua mbele yangu, nikitafuta mahali ambapo huzuni inaishia na hila inaanzia, na sikupaona. Machozi yalikuwa ya kweli. Swali nalo lilikuwa la kweli.

“Sikumwona, mzee,” nikasema, nikainua sufuria nikamwongezea uji.